Matundu Manane ya Kumkomoa Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Nimemkamata! Shemeji, mdogo wake mke wangu, anayekaa chumba cha uani, anatazama mpira kwa waifai yangu. Bure! Na mdomo anao: ameniambia shem, leo intaneti yako inakwamakwama. Yangu! Nitamkomoa.

Jumanne, 4 Machi
Dukani. Nimetaka ruta ya waya tupu, isiyorusha chochote hewani. Muuzaji akaniuliza kama nina hakika. Mimi! Nikachagua yenye matundu manane, maana baba mwenye nyumba hanunui kitu kinyonge. Ya zamani nikamwachia papo hapo.

Jioni nimeifunga. Uani kimya. Raha iliyoje! Kisha nikataka kusoma habari kwenye simu. Nikaipapasa pande zote. Haina pa kuchomeka waya! Ya mke wangu pia haina!

Jumatano, 5 Machi
Nyumba nzima imeninunia. Mke wangu amesema ya simu yaishe, ila kesho laptopu yake ikose intaneti nitamtambua. Ana usaili wa kazi kwa video, kazi aliyoihangaikia mwaka mzima. Nimemwambia alale usingizi, mume yupo.

Alhamisi, 6 Machi
Sikuamini macho yangu. Kwenye ruta kuna waya nisioujua! Wa buluu, mrefu, umetokea dirishani, umekatiza uani, umeingia chumbani kwa shemeji. Mlango umefungwa, ndani watu wanaongea. Mpira mchana kweupe! Kwa tundu langu! Nikachukua mkasi wa jikoni. Kacha!

Mlango ukafunguka. Mke wangu! Koti la ofisini juu, malapa chini. Kumbe alikimbia kelele za watoto sebuleni, mdogo wake akamvutia waya. Usaili ulikuwa katikati. Na mimi nimeshika mkasi. Shemeji akaingia mbio kutoka barabarani, akamwashia intaneti ya simu yake, wakaendelea. Hakuna aliyenitazama.

Ijumaa, 7 Machi
Amepata kazi! Wanashangilia ndani. Shemeji kapewa kitanda changu, mimi nimehamishiwa uani. Huku hakuna intaneti hata chembe, waya umekatwa.

Nimetafakari sana, kosa nimeliona. Matundu manane ni mengi mno, ningechukua ruta ya tundu moja.

Bahati nzuri simu imedaka waifai ya jirani, haina nywila. Lakini inakwamakwama! Nimeshtuka. Mtu mzima na intaneti kama hii! Kesho namfuata nimwambie.