Jukwaa Lisilohitaji Watazamaji

Jumatano, 1 Julai 1998. Ibra.
Dishi la televisheni limeleta Japani! Filamu ya mahekalu yao. Nieleze vizuri, maana hata shajara hupenda kufahamu. Ndani ya ua wa hekalu pana jukwaa la mbao: sakafu imeinuliwa, nguzo, paa, pande zote wazi. Wasichana huchezea hapo ngoma ya ibada, polepole, njuga mkononi. Hawawachezei watu. Hata asipokuwepo mtazamaji, ngoma huchezwa.

Nikamkumbuka jirani yangu, Bi Khole. Harusi ya Mkunazini, kule kwetu kisiwani, mwaka 1959. Alicheza lelemama, ngoma ya wanawake watupu, nami nikachungulia dirishani, nikaona mikono tu. Mikono ile! Tangu tuhamie Omani hajacheza. Husema atamchezea nani huku, mbuzi?

Nina mpango.

Alhamisi, 2 Julai.
Fundi Mhindi amekuja. Nimemchorea jukwaa, lielekee dirisha la chumba changu. Kauliza, zizi la mbuzi? Nimemfafanulia saa nzima. Kauliza tena, mbuzi wangapi.

Jumamosi, 4 Julai.
Sakafu tayari, nguzo nne zimesimama. Makuti ya paa bado. Nimekwenda kwa Bi Khole, nikamweleza Japani yote. Akasema, haya, Maalimu, na wewe utakuwa wapi? Nikasema ndani, nimelala. (Uwongo mdogo. Wa kielimu.) Kisha akasema magoti yake hayana dhamana, lakini Jumanne atakuja kulijaribu.

Anakuja! Miaka thelathini na tisa!

Jumatatu, 6 Julai.
Nilikwenda Nizwa kutafuta njuga. Nimepata kengele za mbuzi. Kurudi, msiba! Jukwaa limejaa tende. Ndio msimu wa kuzichemsha na kuzianika, na Thuwaini wa nyumba ya pili kaona sakafu iliyoinuka, sisimizi hawafiki, jua tele. Kanishukuru mbele ya msikiti mzima: Allah akujaze kheri, Maalimu, umetujengea kichanja! Nikajibu, karibuni. Ningejibu nini? Huku tende zikishaanikwa haziondolewi mpaka zikauke.

Jumanne, 7 Julai.
Bi Khole amekuja alasiri. Kuona tende, kacheka hadi kashika nguzo. Kisha akakaa ukingoni, akaanza kuzigeuza, huku akiimba chini kwa chini. Kiganja juu, kiganja chini, vidole vinafunguka kimoja kimoja. Lelemama! Ileile! Machozi yalinitoka nyuma ya pazia.

Nikatoka mbio kumweleza kwamba ndivyo hasa, kwamba kule Japani pia, sakafu, pande wazi... Akaficha mikono ndani ya mtandio. Akasema, kumbe wewe hulala macho wazi, Maalimu. Akaenda zake.

Jumatano, 8 Julai.
Nimetafakari tangu alfajiri. Kosa nimeliona: sikueleza kwa ukamilifu. Fundi nimemwambia alipanue dirisha. Na Bi Khole namwandikia barua. Niko ukurasa wa tisa; bado sijafika kwenye paa.