Nyani wa Puto Mkononi mwa Baba Yangu

Bel-Air, Jumatano baada ya kermesi, sikukuu ya watoto

Kwa Madame Laurentine, Présidente wa Komite ya Sikukuu za Watoto, parokiani kwetu, Kampemba

Yahusu: menyu ya maumbo ya maputo

Mama Présidente mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima yote, wewe na komite yako, pamoja na mgongo wako ambao nasikia unakusumbua tangu mlipobeba vile viti. Mimi ni Paulin Kapya, mwalimu wa darasa la nne, yule anayesoma matangazo kwenye misa ya pili. Katika tangazo ambalo nililisoma mimi mwenyewe, uliomba wazazi wenye maoni juu ya menyu ya maputo waandike kabla haijachapwa na kufunikwa plastiki. Basi mimi nina maoni. Nimeyazuia tangu Jumapili, nimeshindwa. Mke wangu Julienne amesema afadhali nikuandikie wewe kuliko kuendelea kugombana na ukuta.

Kwanza nishukuru. Kijana Guelor, msokotaji wa maputo mliyemleta, ana mikono ya ajabu. Anajaza puto refu kwa pampu, anaacha mkia kidogo bila hewa, anasokota hapa, anasokota pale, puto linalia kama linachinjwa, na kabla mtoto hajamaliza kushangaa, mbwa ametoka. Na ile menyu yake ni akili nzuri: picha sita juu ya kibao, mtoto anaonyesha kwa kidole, hakuna kelele, hakuna anayeomba helikopta. Mbwa, ua, upanga, twiga, kofia, nyani. Lakini, Mama, menyu hiyo Guelor aliitengeneza kwa ajili ya anniversaires, sherehe za kuzaliwa, za kule mtaa wa Golf, ambako watoto wanapewa majina yaliyotoka kwenye televisheni. Mtoto wa jina la televisheni ni mtoto tu, mpe chochote. Huku kwetu mtoto haji peke yake, anakuja na mtu. Hapo ndipo shida yangu inapoanzia, nami naiweka kwa namba ili tusipoteane.

1. Mtoto wangu wa mwisho anaitwa Stanislas Kapya. Hilo ni jina la baba yangu mzazi, mashinisti wa treni, mtu wa Kabalo, aliyefariki mwaka mmoja kabla mtoto huyu hajazaliwa. Desturi unaijua: aliyebeba jina ndiye mwenye jina. Kwa hiyo mtoto huyu mimi namwita Tata. Ana miaka mitano na ni baba yangu. Asubuhi mimi ndiye namwamkia kwanza. Akikataa kuoga simchapi, namsihi. Na Jumapili, mbele ya parokia nzima, Guelor alimpa baba yangu nyani.

Nyani, Mama! Wewe ni mtu mzima, unajua wazungu wa reli walikuwa wanawaita baba zetu kwa neno gani. Makako. Baba yangu aliendesha treni nzima, ndefu, imejaa shaba, na bado kulikuwa na mkubwa wake mmoja aliyemwita makako mbele ya wasaidizi wake. Baadaye alipopanda cheo akavaa tai, na hakuivua tena mpaka tunamzika. Mimi nilimfahamu na tai hiyo, hata akila bukari alikuwa nayo. Sasa mzee kama huyo anatoka kaburini, anarudi kwetu kwa taabu zote zile, anafika kermesi, na bantu wanamkabidhi nyani wa rangi ya machungwa anayepanda mti. Iko haki kweli? Nilisikia moto kichwani. Mwenyewe alicheka, sikatai, lakini ana miaka mitano, hajajua bado yeye ni nani.

2. Kabla hata ya huyo nyani, Tata alisimama juani katika mstari, nyuma ya watoto wa juzi-juzi. Mzee mzima! Naomba mstari upangwe kufuata umri wa jina, si umri wa mtoto. Nimelichunguza jambo hili kwa makini na nakiri lina ugumu wake. Kitoto cha jirani yangu Jeannot kina jina la babu wa babu yake, donc kitatangulia. Bado kinanyonya, lakini heshima ni heshima, kibebwe mpaka mbele. Jephté wa Mama Gracia ana jina la Biblia, na kwa hesabu hiyo angetutangulia sisi wote kwa maelfu ya miaka. Napendekeza majina ya Biblia yahesabiwe kuwa wageni: wakaribishwe vizuri, wapewe kiti na maji, ila wasiongoze mstari. Kuhusu Dieumerci, mtoto wa fundi baiskeli, huyo hakubeba mtu yeyote, amebeba shukrani kwa Mungu tu. Yeye akae nyuma na asaidie kushika pampu.

3. Hili linaniaibisha hata kuliandika. Binti yangu Mwaba ana jina la mama mukwe wangu. Nyumbani tumeshazoea: yeye akiwa mezani, mimi nakula uani, akipita, nampisha na kuangalia chini. Si maisha rahisi, maana ana miaka saba na anapita sana. Basi Guelor, bila kuuliza ukoo wala nini, akampa mama mukwe wangu upanga. Akanipiga nao kichwani. Mama mukwe kumpiga mkwe wake, hadharani, mbele ya meza ya maandazi, beignets! Ningefanya nini? Nilivua kofia nikasema asante. Bantu bakacheka mpaka bakashika matumbo, na mmoja wao, samahani, alikuwa mtunza hazina wa komite yako.

Kosa kama hilo kwa kawaida linaondolewa kwa mbuzi. Niliwapelekea wakwe zangu habari hiyo kwa unyenyekevu. Mama mukwe mwenyewe, yule mkubwa, alituma jibu kwamba kama alinipiga basi alikuwa na sababu zake, amekuwa akiingoja siku hiyo kwa muda mrefu, na mbuzi nimtoe mimi. Jamani! Mbuzi mzima kwa upanga wa hewa!

4. Sasa nafika kwa lile linaloninyima raha, Mama Présidente, na hapa naomba usicheke. Jina la baba yetu liko mikononi mwa dada yetu mkubwa, yaya Agnès, anayekaa Kabalo. Yeye ndiye aliyekubali nimpe mtoto wangu jina hilo, na siku ile alionya kwamba si jina la kuchezea. Akilikuta limeshushwa, atalitoa kwa mtoto wangu na kulipeleka Kolwezi, kwa mtoto wa kaka yetu, ambako wamelitamani tangu zamani na wananiangalia kwa jicho hilo kila tukikutana. Na kuna muntu wa kwaya, simtaji, ambaye tayari amemtumia yaya picha ya Tata akiwa na nyani. Yaya ameandika tu kwamba anakuja.

Yaya akilitoa jina, mtoto nitabaki naye, ndiyo. Nitamwita vingine, nitamchapa asipooga kama wanavyofanya baba wengine. Lakini tangu azaliwe, kila asubuhi nasema jambo, Tata, na kuna sauti inayoniitikia eyo. Nilipozika baba yangu nilidhani sitaitikiwa tena. Wewe umefiwa na wazazi wako wote wawili, unaelewa. Sitaki kubaki yatima mara ya pili kwa sababu ya puto.

5. Kwa hiyo napendekeza menyu mpya. Ukurasa wa kwanza uwe wa wazee: fimbo, miwani, kiti cha mikono, na kwa upande wa Tata, treni yenye bomba la moshi. Guelor ameniambia puto refu halikubali kuwa treni, kwamba ingetaka maputo mengi na watoto wangengoja mpaka jioni. Nilimjibu kwamba watu wa Kabalo wanajua kungoja treni. Kama kweli haiwezekani, basi tai: puto moja, linafungwa shingoni, hata mwanafunzi wangu wa darasa la nne angeliweza. Ukurasa wa pili uwe wa wakwe, na humo kisiwekwe kitu chochote kirefu. Mama mukwe apewe ua, na ua lenyewe lisiwe na shina. Ukurasa wa tatu ni wa machifu, nao wapewe kofia. Mbwa na twiga wabaki kwa watoto wasio na mtu ndani yao, na kwa wageni wa Biblia.

6. Ili pasiwe na udanganyifu, kila mtoto aje na wazee wawili wa kushuhudia amebeba jina la nani, na Guelor asiguse pampu mpaka ushahidi umekamilika. Najua utasema kermesi itakwisha bila puto hata moja kusokotwa. Afadhali hivyo kuliko aibu.

7. Puto la mzee likipasuka, tusichukulie kama mlio tu wa kuchekesha. Watu wanyamaze kidogo, wanaume wavue kofia, Guelor atoe pole kwa ukoo na kusokota jingine la rangi ileile. Aliyelipasua aende nyumbani kwa mwenye puto kuomba msamaha, akiwa na mtu mzima wa kumsemea. Ni jambo dogo kabisa.

8. Mwisho, nyani afutwe. Asifunikwe kwa karatasi, asipakwe chokaa: akwanguliwe kwenye kibao mpaka mbao ionekane, kabla yaya Agnès hajafika. Na Jumapili ijayo komite iombe radhi kwa jina la Stanislas Kapya kwenye mikrofoni. Tangazo nitaliandika mimi, na kwa kuwa matangazo nayasoma mimi, nitajiomba radhi mwenyewe, hamtapata taabu yoyote.

Wasalimie wanakomite wote, na mumeo, na mama wa beignets ambaye hana kosa. Isalimie kwaya pia, isipokuwa yule mmoja, naye anajijua. Mgongo upakwe mafuta ya moto jioni.

Ni mimi, mtoto wa Tata na baba yake vilevile,

Paulin Kapya

Nyongeza. Bahasha nilikuwa nimekwisha kuifunga. Nimeifungua kwa sababu yaya Agnès amefika, na samaki wake wa kukauka, na uso wake ule wa kesi. Nilikimbia kumficha nyani chini ya kitanda. Alikuwa amesinyaa, hewa imepungua, lakini bado anapanda mti. Tata akaingia chini ya kitanda, akamtoa, akampeleka moja kwa moja mpaka kwenye magoti ya yaya. Halafu akapanda juu ya kiti, akajikuna kwapa, akatoa sauti za nyani. Mimi nikafumba macho.

Nilipofumbua, yaya alikuwa anacheka na kulia pamoja, amemshika mtoto kwa mikono miwili. Mama, mimi ni wa mwisho kuzaliwa kwetu, baba nilimkuta na tai yake tayari. Yaya alimjua kabla. Anasema siku ambazo yule mkubwa wa reli alimwita makako, baba alirudi nyumbani na uso mweusi wa makaa, akapanda juu ya meza, akajikuna kwapa, akaiba viazi kwenye sahani za watoto, mpaka mama akamfukuza kwa ufagio na nyumba nzima ikaumwa mbavu kwa kucheka. Hivyo ndivyo alivyokuwa analimaliza lile neno. Halikulala kwetu hata usiku mmoja. Ile picha ya kwaya, yaya anasema, ndiyo iliyomtoa Kabalo mbiombio, maana alimwona baba pale pale, na aliogopa kujibu kwa simu asije akalia mbele ya watu. Jina haliendi Kolwezi. Amemwita Tata mara nyingi mpaka mwenyewe amechoka kuitika.

Kwa hiyo, Mama Présidente, barua soma kama unapenda, lakini usimwonyeshe Guelor, na kibao msikikwangue. Tata anataka nyani mwingine, mpya, na mimi ni nani nimkatalie baba yangu? Yaya anataka wake wa kupeleka Kabalo. Na kama mwishoni patabaki puto moja, la rangi yoyote ile, s'il vous plaît, mwambie anisokotee na mimi.