Chumba cha Uani na Bahati ya Wachina

Jumapili, 26 Januari 2025

Chumba cha uani kwa Madamu Liu, hapa Muaither, huku Uarabuni, kiko wazi. Aliyekuwa akikaa humo amerudi kwao. Madamu amesema siku ya mwaka wao mpya wa Kichina, Jumatano, atamchagua mmoja wetu sisi wafanya usafi: mimi au Herbert. Chumba kina dirisha. Kina bafu lake! Sisi tunalala Industrial Area, kambi ya wafanyakazi, watu wanane chumba kimoja, na Trevor wa kitanda cha juu yangu anakoroma kama jenereta. Basi la kampuni hutuchukua kabla ya alfajiri. Nakitaka chumba kile mpaka naumwa.

Herbert, Mganda, silaha yake ni kufanya kazi. Yangu ni akili. Nimeamua kuisomea bahati ya Wachina.

Nimeanza na dada Pamela, mpishi, Mkenya aliyewapikia Wachina tangu yuko Nairobi hadi akaijua lugha yao. Anasema siku ya mwaka mpya hawafagii, wasije wakaifagia bahati ikatoka nje. Nikashangaa. Bibi yangu kule Pangani alikataza kufagia usiku, eti unafukuza riziki. Nani alimpelekea mwenzake habari? Nikauliza kama kupiga deki nako kumo. Pamela akasema, Amiri, acha maswali, kapige deki.

Jumatatu, 27 Januari

Elimu inaendelea. Samaki wa sikukuu haliwi akaisha. Nywele hazioshwi siku ya kwanza. Chombo kisivunjike. Na nne ni nuksi, kwao hutamkwa karibu sawa na kifo, hata maghorofa mengine huiruka. Hii ya nne imeninyima raha. Nimehesabu vitu nyumba nzima. Mito ya sebuleni: minne! Nikauficha mmoja kwenye mashine ya kufulia, Madamu aone mitatu, aulize nani mwenye busara hii.

Hakuuliza. Aliutafuta. Herbert akauona. Madamu akamshukuru Herbert mara mbili.

Jumanne, 28 Januari

Mungu si Athumani. Leo nimekuta milango yote minane imebandikwa karatasi nyekundu zenye herufi moja kubwa. Jana jioni Herbert ndiye aliyeachiwa gundi. Nikalinganisha na herufi ile ile kwenye boksi la machungwa. Kichwa chini, miguu juu! Herbert amekwisha. Nikapiga picha za ushahidi, nikapanda ngazi, nikazigeuza zote, kazi ya saa nzima, shingo ikakauka. Kisha nikamwita Madamu nikamweleza kosa la Herbert na wema wangu.

Madamu aligusa karatasi ya mlango wa karibu. Halafu akaongea na Pamela, na Pamela akaniuliza kama nina wazimu. Herufi ile ni ya bahati, inapinduliwa makusudi, ili bahati imwagikie ndani. Madamu mwenyewe ndiye aliyemwelekeza Herbert. Basi Herbert akapanda kuzirudisha, mimi nikamshikia ngazi.

Lakini nimegundua jambo. Madamu hakunifokea. Pamela anasema kugombana siku hizi ni mkosi. Kumbe mpaka sikukuu ipite hakuna wa kunigusa.

Jumatano, 29 Januari

Mwaka wa Nyoka umeingia. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: Herbert aifagie bahati yake kwa mikono yake mwenyewe. Wageni walikuwa wametafuna mbegu za alizeti, maganda sakafu nzima. Nikamwambia Herbert kwamba Madamu anataka sebule ing'ae. Akauliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Akachukua ufagio. Nikakimbilia jikoni kumwita Madamu ashuhudie, nikapiga kumbo meza, bakuli likaanguka likapasuka.

Madamu alifumba macho, akasema maneno ya kuomba amani. Vipande vikafungwa kwenye karatasi nyekundu. Hakuna aliyefoka. Nikamvuta hadi sebuleni.

Herbert alikuwa akifagia kutoka mlangoni kuja ndani. Maganda yote kayakusanya pembeni. Akaeleza kwamba kwao Masaka bibi yake hakusukuma taka nje siku ya heri, kwa hiyo alipoona watu wana sikukuu akaona na yeye asisukume. Pamela akatafsiri. Madamu akashika kifua. Akasema ndivyo alivyokuwa akifanya mama yake mwenyewe, hatua kwa hatua. Machozi yakamlenga, akayafuta haraka, maana kulia nako ni mkosi.

Akatupatia kila mmoja bahasha nyekundu. Yangu ilikuwa na noti mpya. Ya Herbert ilikuwa na noti mpya na ufunguo.

Alhamisi, 30 Januari

Herbert kahama. Kaniachia blanketi lake zito, akasema siku ya mapumziko nimtembelee, jua linaingia vizuri dirishani. Hakunicheka hata kidogo. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nimetafakari kutwa kosa langu liko wapi. Nimelipata. Chumba chetu ni namba kumi na nne! Ningeshindaje? Nikaomba kwa Pamela karatasi nyekundu iliyobaki, nikaibandika mlangoni, kichwa chini sawasawa. Nikaenda kuoga.

Narudi nakuta Trevor kaigeuza. Eti nilikosea, yeye kaiona ilivyo sahihi kwenye boksi la majani ya chai. Alikuwa amesimama pale anangoja nimshukuru.

Mtu gani anagusa kitu asichokijua bila kuuliza? Nimepiga picha za ushahidi. Kesho Ijumaa hakuna kazi. Jumamosi mapema nampelekea msimamizi wa kambi.