Kamati ya Kutenganisha Mapenzi na Kazi

Kwa furaha kubwa, na kwa idhini ya ngazi zote zinazohusika, ofisi yetu ndogo ya uhamiaji hapa kando ya mto Mekong inawatangazia wananchi kwamba tatizo la wake wa kigeni limekwisha. Halikwisha kwa wake kuondoka, wala kwa sheria kubadilika. Limekwisha kwa sababu limeundiwa kamati.

Mimi ndiye katibu wa kamati hiyo. Nasema bila majivuno, ingawa kibao changu cha mezani kimeandikwa kwa wino wa dhahabu.

Sheria yenyewe haina ubaya. Mwanamke wa nje akiolewa na Mthai, tunampa ruhusa ya kuishi na mumewe mwaka mmoja mmoja, ilimradi alete makaratasi. Kuishi tu. Kufanya kazi ni ruhusa nyingine, ya dirisha la pili, na dirisha la pili halimsikilizi mtu ambaye hajamalizana na dirisha la kwanza. Na kazi, kwa sheria, ni kutumia nguvu za mwili au maarifa, kwa malipo au bila malipo. Hapo ndipo wananchi walipoanza kutusumbua. Kama hata nguvu zisizolipwa ni kazi, mke anayefagia uwanja wa mumewe anafanya nini? Anayemkuna mgongo je?

Mkuu wetu, Kanali Adirek, hapendi ubabaishaji. Aliunda Kamati ya Kutenganisha Mapenzi na Kazi, wajumbe saba, vikao kila Alhamisi, chakula cha mchana kikiwemo. "Sheria ni msumeno," alituambia siku ya uzinduzi, akikata utepe kwa mkasi.

Kesi ya kwanza ilikuwa ya Bouakham.

Bouakham ni Mlao. Kwao ni ng'ambo ya mto, na jogoo wa kwao akiwika, mama mkwe wake huku anaamka. Lugha yake na yetu zimenyonya ziwa moja. Wali wa kunata anaufinyanga kwa vidole kama sisi. Hata hivyo ni mgeni, maana mto ni mto. Ameolewa na Sanit, muuza saladi ya papai bichi karibu na soko la asubuhi.

Mwezi wa pili Sanit alianguka na pikipiki, mkono wa kulia ukafungwa plasta. Na saladi ile haipikwi, hutwangwa, na kinu hakina huruma na mtu wa mkono mmoja. Bouakham akashika mchi. Kibanda kikaendelea kufunguliwa, na wateja wakawa wengi kuliko enzi za Sanit mwenyewe. Sasa, ruhusa ya Bouakham ya kuishi nchini ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi wa nne. Mke aliyekutwa akifanya kazi bila kibali haongezewi hata siku moja. Anavushwa mto, na mume anabaki huku na plasta yake.

Taarifa za siri zilitufikia mapema. Nilizikusanya mimi mwenyewe, nikiwa nakula hapo kibandani.

Kamati ilikwenda kukagua, wajumbe wote saba, kwa pikapu mbili. Nyumba ni ya kawaida ya mjini: chini kibanda, juu kulala, na jiko moja linalohudumia kote. Tulimkuta Bouakham mchi uko hewani. Kanali akamwamuru abaki vivyo hivyo mpaka apigwe picha.

"Unafanya nini hapo?"

"Namtwangia mume wangu, afande."

Kanali akahesabu mezani. "Sahani kumi na nne?"

"Ana njaa," akasema Bouakham.

"Nina njaa sana, afande," Sanit akadakia. "Daktari kasema mfupa unataka papai."

"Na hawa waliokaa na vijiko?"

"Hawa? Wamekuja kunipa pole."

Wateja wakaelewa mchezo. "Pole sana, Sanit," akasema mmoja, mdomo umejaa. "Pole, ndugu yangu, ila ungeongeza pilipili kidogo," akasema mwingine.

Kanali aliwatazama mpaka Sanit akasalimu amri. "Basi, afande. Ananisaidia tu."

Kanali akainua kidole. "Katibu, andika. Neno 'anasaidia tu' halikubaliki mbele ya kamati hii. 'Anasaidia tu' ni kazi iliyovaa miwani ya jua."

Niliandika neno kwa neno. Maneno kama hayo mtu hayapati kila siku.

Mama yake Sanit, Mae Lamduan, alikuwa ameketi sakafuni akimenya vitunguu saumu. Mama yule ulimi wake haujui likizo. "Hebu nieleze, mwanangu," akamwambia Kanali. "Mkwe akinitwangia mimi, mama wa mumewe, nimemwajiri? Na wewe mkeo akikupakulia, unamwandikia barua ya kazi?"

Swali lilikuwa zito. Ikabidi kamati iagize saladi kwa ajili ya vielelezo. Kanali alichunguza vielelezo vitatu, akaomba na wali wa kunata ili uchunguzi usimuunguze ulimi. Kisha tukapitisha Waraka Namba Moja, ambao nakala yake, pamoja na maneno yale ya Kanali, tuliipeleka Bangkok. Unasema hivi: jasho la mke mgeni ni mapenzi iwapo anayefaidika ni mumewe, au jamaa wa mumewe aliyethibitishwa kwa ramani ya nyumba iliyochorwa kwa mkono, picha tatu na mashahidi wawili. Jasho jingine lolote ni kazi, na anayefaidika nalo ndiye mwajiri.

Bouakham alipigwa marufuku kushika mchi. Kibanda kikafungwa saa ile ile. Niseme kweli, iliniuma, maana kielelezo changu kilikuwa nusu.

Mafaili ya wake wa kigeni tunayapokea Jumanne; siku nyingine tunayashughulikia, wenyewe wakisubiri benchini na kuandaa makaratasi. Jumanne ya kwanza Bouakham alileta karatasi kumi na mbili, nazo zinatakiwa kumi na tatu. Jumanne ya pili ikaonekana kwamba katika picha ya chumbani Sanit hatabasamu. Ya tatu ilikuwa zamu ya ramani. Niliikagua kwa makini, toka barabara kuu hadi mlangoni kwao.

"Mti huu mbona hauna jina?"

"Ni mti tu, kaka."

"Rudi Jumanne."

Hakuondoka dirishani. "Kaka, Jumanne zilizobaki ni mbili. Ya tatu utanipungia mkono niko ng'ambo."

"Ndiyo maana tunawasisitizia kuwahi," nikamjibu kwa upole, kama mwongozo wa huduma bora unavyoelekeza.

Aliketi benchini. Arudi nyumbani akafanye nini, na mchi hagusi? Kesho yake akaja tena, na keshokutwa. Pembeni yake alikaa Mfilipino aliyeolewa na fundi wa friji, ramani yake mkononi imefanana na mizizi ya muhogo.

"Lete, dada," Bouakham akamwambia. "Nyumba yenu iko nyuma ya hekalu au mbele?"

Akamchorea. Mwenzao wa Kivietinamu akaomba naye achorewe. Wa nne hakujua kusoma fomu zetu, akasomewa. Ijumaa watu walikuwa wanamaliza shida zao saa nne asubuhi, jambo ambalo ofisi yetu ilikuwa haijawahi kuliona. Kanali alitoka chumbani kwake kuangalia kama kuna msiba.

Alipogundua kiini cha kasi ile, alifurahi. Alimhamishia Bouakham nyuma ya kaunta, penye feni, akamkabidhi mhuri wa tarehe. "Wewe kaa tu hapa upunge upepo," akamwambia.

Akapunga upepo kwelikweli. Mafaili yakapanda kutoka sita kwa siku hadi arobaini na moja. Kanali akaripoti Bangkok kuhusu "mageuzi ya kiuongozi," akaletewa cheti cha pongezi chenye picha yake, akakitundika ukutani. Faili pekee ambalo halikusogea ni la Bouakham mwenyewe. Lilikuwa mezani kwangu, likisubiri jina la mti.

Tatizo la namba nzuri ni kwamba watu huzitilia shaka. Jumanne ya mwisho ya mwezi, siku mbili kabla ya ruhusa ya Bouakham kwisha, aliingia mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa. Alichukua namba, akaketi benchini, akatoa Waraka Namba Moja na fomu zake, akatutazama kwa saa mbili. Alikuwa Bibi Ratchanee, mkaguzi kutoka Bangkok.

Kwa bahati mbaya alitukuta katika hali ya kawaida. Kanali alikuwa chumbani akijaribu kochi jipya. Wajumbe watano walikuwa wametoka kwenda kuonja chakula cha Alhamisi. Mimi nilikuwa natafakari, macho nimeyafumba nisije nikabughudhiwa.

"Nani huyu mwenye mhuri?" aliuliza, na Kanali akatoka mbio akifunga mkanda.

"Ni mteja wetu, bibi."

"Mteja anagonga mihuri?"

"Anasaidia tu, bibi."

Mimi nilitamani sakafu inimeze. Bibi Ratchanee akafunua ukurasa taratibu. "'Anasaidia tu ni kazi iliyovaa miwani ya jua.' Nilicheka sana niliposoma. Ni maneno yako?"

"Ya kamati," Kanali akajibu haraka.

"Na hapa: anayefaidika nalo ndiye mwajiri. Mafaili arobaini na moja kwa siku. Nani kafaidika?"

Kwa bahati mbaya sote tuligeuka kutazama cheti ukutani.

"Unajua, bibi, sheria ni msumeno," Kanali akaanza, kwa mazoea.

"Najua. Hukata mbele na nyuma."

Bouakham alikuwa ameweka mhuri chini. "Bibi, mimi nitavushwa? Mume wangu hawezi hata kufunga vifungo vya shati."

Nilimwonea huruma. Naliweka hili kwenye kumbukumbu, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza na sikujua liandikwe kwenye fomu gani.

"Sheria inakataza mgeni kumnyang'anya mwenyeji kazi yake," akasema Bibi Ratchanee. "Nimekaa hapa saa mbili nikimtafuta mwenyeji aliyekuwa anaifanya kazi hii. Sijamwona. Hajamnyang'anya mtu." Akaja mezani kwangu, akalitoa faili chini ya kikombe changu cha kahawa, akagonga mwaka mzima wa kuishi. Akavuka hadi dirisha la pili kwa miguu yake, akagonga kibali cha kazi. Mahali pa kazi: kaunta hii, na kinu cha mume.

Kisha akamgeukia Kanali. "Hayo ni ya kuanzia leo. Ya nyuma bado. Kama ilikuwa kazi, wewe ni mwajiri wa mtu asiye na kibali, na cheo unakijua kitakwenda wapi. Kama yalikuwa mapenzi, wewe ni jamaa wa mumewe. Thibitisha kwa waraka wako."

Kanali alichagua mapenzi. Jioni ile alipiga magoti mbele ya Mae Lamduan, akaomba awe kaka yake.

"Kaka yangu?" Mae Lamduan alimwangalia toka viatu hadi nyota za begani. "Kwetu ndugu hajulikani kwa maneno, mwanangu. Mchi ule pale."

Kanali anatwanga hadi leo, mpaka mkono wa Sanit upone, na wateja wanampa pole. Picha tatu za waraka alipigiwa hapo, nazo ndizo za kwanza za kiongozi wetu zinazoonyesha jasho. Mashahidi wawili walipatikana kwa shida. Majirani walisema hawajawahi kumwona akifanya kitu, hivyo hawana la kushuhudia.

Jana alijaza karatasi zote kumi na tatu, akachukua namba ishirini na tisa. Mimi nilikuwa nyuma yake na thelathini, kwani katibu naye alifaidika, na ninaomba kuwa binamu. Bouakham aliipokea ramani ya Kanali kwa mikono miwili, kwa heshima anayostahili mjomba wa mume. Aliifuata kwa kidole toka barabara kuu hadi mlangoni.

"Mjomba, mti huu mbona hauna jina?"

"Ni mti tu, mwanangu."

Nikatazama ramani yangu. Nilikuwa nimechora miti minne.

"Rudi Jumanne, mjomba," akasema Bouakham, akaita namba thelathini.