Kilomita Elfu Thelathini na Nane Tu

Jumatatu, 3 Machi

Nimefanya jambo kubwa! Mke wangu amekwenda kumuuguza mama yake, anarudi Jumamosi. Asubuhi nimelipeleka gari lake, lile refu lenye buti la kumeza mafurushi, kwa dalali mwenye kofia. Tumebadilishana, nimetoka hapo na gari la spoti. Jekundu. Viti viwili. Lina miaka ishirini na moja, lakini dashibodi inasema limetembea kilomita elfu thelathini na nane tu. Yaani bado bichi! Njiani lilikohoa mara tatu. Nadhani ni mshangao wa kuona barabara.

Mpango: Ijumaa namuuzia daktari wa meno, ambaye kila nikifungua mdomo hunisimulia anavyotamani gari la namna hii. Jumamosi asubuhi nalikomboa la mke wangu, faida inabaki, yeye hajui kitu. Lazima liwe limerudi. Shule zinafunguliwa wiki ijayo na ana masweta mia mbili ya wanafunzi ya kupeleka.

Jirani yangu, mwalimu wa hesabu, ana gari kama hili hili, la mwaka uleule. Lake limeshatembea kilomita laki mbili na tisini. Nilimpa pole. Akaniuliza pole ya nini.

Jumanne, 4 Machi

Leo siendeshi. Kila kilomita ninayoongeza inalizeesha. Nimelifunika kwa turubai la plastiki na kulifunga kamba pande zote. Dukani nimekwenda kwa miguu, kwenye jua, nikiwa na gari la spoti nyumbani. Mwalimu akanipita na lake, kioo kimeshushwa, akaniuliza langu linaumwa nini. Nikamwambia linapumzika. Akasema kwani limechoshwa na nini. Watu wengine wana midomo.

Jumatano, 5 Machi

Haliwaki! Hata kukohoa limegoma. Nimemwita Fundi Kijiko, aitwaye hivyo kwa sababu husikiliza injini kwa mpini wa kijiko alioutia sikioni. Leo hakukuwa na cha kusikiliza, akakirudisha kijiko mfukoni. Amekagua saa nzima. Betri imekufa. Petroli imeoza, sijui petroli inaozaje. Mipira ya injini imekauka na kupasuka. Breki zimeshika. Matairi yana meno yote lakini yametengenezwa zamani, yamekuwa magumu. Na chini ya zulia kuna unyevu, akauliza ni nani aliyelifunga plastiki. Nikasema sijui.

Akaniambia gari la spoti lililotunzwa na kuendeshwa huzeeka vizuri, lakini linaloachwa tu huzeeka vibaya kuliko yote. Sijaelewa. Kitu kinachakaaje kwa kukaa? Mimi mwenyewe nimekaa miaka minne bila kazi na sina hata mvi.

Nimemwomba alegeze breki peke yake. Nimepata wazo.

Alhamisi, 6 Machi

Nyumba yetu iko juu ya mteremko. Jambo ambalo sikuwahi kulishukuru hadi leo. Mimi na fundi tumelisukuma hadi ukingoni mwa barabara, limetazama chini. Fundi ameuliza mara mbili ninataka kufanya nini, kisha akasema afadhali asijue. Nimelipaka nta. Linang'aa mpaka linaumiza macho!

Dalali amepiga simu. Kuna mteja anaulizia gari la mke wangu. Nimemsihi asubiri hadi Jumamosi. Amesema atajitahidi, kwa sauti ya mtu asiyejitahidi.

Ijumaa, 7 Machi

Daktari wa meno alifika saa nne. Alilizunguka, akalipapasa. Nikamketisha, nikajifanya nazungusha ufunguo, nikaachia breki. Tukaondoka! Daktari akasema hajawahi kuona injini tulivu namna hii. Nikamweleza kwamba huo ndio utulivu wa kilomita chache. Upepo, miti inapita, daktari anacheka. Dakika moja nilikuwa mtu mwenye akili kuliko wote.

Kisha mteremko ukaisha.

Tulisimama taratibu mbele ya geti la mwalimu. Daktari akaniambia nikanyage mafuta. Nikakanyaga. Akaniambia tena. Mwalimu akatoka, akatazama, akaenda kuleta kamba. Gari lake liliwaka kwa mguso mmoja, likatuvuta hadi juu bila kuguna. Kilomita laki mbili na tisini! Nimechanganyikiwa.

Tulipofika, daktari hakuniaga hata. Alikuwa amekwishaingia katika gari la mwalimu, anasoma daftari la mazoezi ambamo mwalimu ameandika kila alipobadilisha oili kwa miaka kumi na minne, na kupigia mstari kwa kalamu nyekundu. Mchana wamepeana mikono. Limeuzwa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekimbia kwa dalali alfajiri kumwomba anivumilie. Nimechelewa. Yule mteja alishalichukua jana jioni. Mwalimu! Ameuza lake, akanunua letu.

Mke wangu ameteremka kituoni saa sita na kupita getini kwa mwalimu. Akaliona. Akaja nyumbani polepole, akaliona na hili jekundu. Nilimweleza yote, pamoja na utulivu wa injini. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Aliinama akachungulia ndani, akahesabu viti.

"Mimi, wewe, na masweta mia mbili," akasema. "Nani anakaa wapi?"

Nilitamani anifokee tu kama siku zote. Akaingia ndani, akaketi juu ya furushi moja, bado kashika mkoba wa safari. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu na mwalimu wamekubaliana. Mwalimu atampelekea masweta kesho kwa kuwa njia ni ile ile. Mke wangu atakaa mbele, ndani ya gari lililokuwa lake. Mimi nabeba mafurushi kuyashusha hadi kwa mwalimu, kwa kichwa, raundi tisa.

Katika raundi ya saba nimeelewa kosa langu. Wazi kabisa, sijui sikuonaje! Daktari alipewa kuchagua kati ya elfu thelathini na nane na laki mbili na tisini, akachagua laki mbili na tisini. Watu wanataka kilomita nyingi. Zangu ni chache mno.

Kesho namwita Fundi Kijiko anipandishie namba ya dashibodi hadi laki tatu. Daftari la mazoezi nimeshanunua, na kalamu nyekundu. Kwa sasa nimelirudishia turubai, safari hii mawili, lisije likachakaa.