Mbele Tu

Katika historia yote ya Uholanzi, hakuna mlima uliowahi kumshinda Jelmer Wiersma. Kwao Friesland kitu kirefu kuliko vyote ni ukuta wa kuzuia bahari, na huo alikuwa akiupanda tangu ana miaka minne, aiskrimu mkononi.

Kwa sifa hizo alitua Bergen, Norwei, mwezi wa nane, kusoma uhandisi wa maji kwa mwaka mmoja. Akapewa chumba bwenini, ghorofa ya tatu, na jiko la kushirikiana na wenyeji watano. Watu wazuri sana, siwasemi vibaya. Watakuonyesha duka, watakuazima mwavuli, watakusalimia ukiwasalimia. Lakini kukwambia "vuta kiti ukae nasi" ni jambo linalotaka kwanza wakujue, na kukujua huchukua kama miaka minane hivi.

Kila Alhamisi wale watano walikaa jikoni na wenzao wawili kupanga safari ya Pasaka, wiki nzima ya kuteleza kwa ski kwenye theluji ya mlimani. Nafasi zilikuwa nane na wao walikuwa saba. Jelmer naye kila Alhamisi alikuwa palepale kwenye sinki akiosha kikombe kimoja, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, akingoja mtu amuulize. Kikombe kile kilikuwa safi kuliko vyombo vya hospitali! Na hakuna aliyemuuliza. Roho ilimuuma kweli, maana miezi miwili alikuwa akila peke yake akiangalia ukuta.

Mwisho uvumilivu ukamwishia.

"Hata mimi ni mtu wa milima," akasema, kikombe mkononi.

Torunn akainua macho. Huyu Torunn ndiye aliyeshika orodha ya safari, msichana wa bondeni Hallingdal aliyejua kuteleza kwa ski kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

"Mlima gani?" akauliza.

"Wowote ule. Kwani mlima ni nini? Si ni njia kama nyingine, ila imeinuka kidogo."

Mmoja wao alipaliwa na maziwa. Torunn hakucheka. Aliichukua ramani akaitandaza mezani.

"Haya, bwana. Wiki ijayo tuna mapumziko. Vibanda vitatu hivi hapa: Steinbu, Kaldebu, Grånosbu. Siku ya kwanza unalala hiki, ya pili hiki, ya tatu unafika hiki. Peke yako. Kila kibanda kina daftari la wageni. Ukifika Grånosbu andika jina lako, upige picha, uniletee. Nafasi ya nane ni yako."

"Itakufikia kabla chai yako haijapoa," akajibu Jelmer.

Jumatatu asubuhi basi likamshusha mwanzo wa njia. Begi lake la mgongoni lilikuwa kubwa kama kabati, na kofia yake ya sufu ilikuwa bado na karatasi ya bei. Akatafuta mahali penye mandhari, akasimama mbele ya bango fulani la mbao, akatunisha kifua, akajipiga picha na kumtumia Torunn: "Milima ijiandae." Kisha akaanza kupanda, na alipokata kona ya kwanza mtandao ukakata naye.

Kufika Steinbu ni mwendo wa saa tatu. Jelmer alitumia sita na nusu, mbili kati yake akizifuata alama nyekundu za kwenye mawe kwa bidii zote, ila kwa kurudi alikotoka. Alipofika alijitupa kitandani na viatu vyake. Baadaye akafungua daftari akaandika: "Saa mbili na dakika kumi. Sikutoa jasho."

Madaftari ya vibanda vyetu yana safu tatu: jina lako, unakotoka, unakokwenda. Hiyo ya tatu si mapambo. Ukipotea, watu huanzia hapo kukutafuta. Vilevile unapoondoka unamwachia anayekuja ndoo ya maji na kuni zilizopasuliwa. Jelmer aliacha majivu.

Jumanne, njiani kwenda Kaldebu, akakutana na kondoo jike aliyeachwa nyuma wenzake waliposhushwa bondeni. Kondoo yule alimwandama kilomita mbili, akimgonga gonga kwenye begi, mpaka Jelmer akasalimu amri na kumpa mkate wote. Jioni akaandika Kaldebu: "Leo nimekabiliana uso kwa uso na mnyama wa porini. Aliyeondoka ni yeye." Kwenye safu ya unakotoka akaandika "Chini". Na kwenye safu ya unakokwenda, badala ya jina la kibanda kama watu wote wenye akili, akaandika: "Mbele tu."

Akatoka nje kulegeza viatu. Kando ya mlango kulikuwa na rundo refu la mbao lililofunikwa kwa turubai, akalikalia na kuwaza kwamba Wanorwei wana mabenchi ya ajabu.

Jumatano, nusu saa kutoka Kaldebu, akaufikia mto. Mto mkubwa, wenye hasira, unaovuma mpaka husikii mawazo yako. Upande huu kulikuwa na nguzo mbili za chuma zilizochimbiwa mwambani. Ng'ambo, nguzo nyingine mbili. Katikati hapakuwa na kitu.

Jelmer akaitoa ramani. Kwenye ramani daraja lilikuwepo. Akautazama mto, akaitazama ramani, akaigeuza juu chini, lakini daraja halikutokea. Ndipo wazo baya likamjia. Akafungua simu, akaitafuta ile picha ya Jumatatu, akaikuza. Nyuma ya sikio lake la kushoto, kwenye lile bango, maandishi makubwa mekundu yalisema: "Daraja la Grånosbu limeondolewa kwa ajili ya majira ya baridi."

Mtu mwingine angegeuza. Lakini huyu alikuwa mhandisi wa maji! Akatupa vijiti mtoni kupima kasi, akapiga hesabu kwa vidole, akafikia uamuzi wa kitaalamu kwamba patavukika kwa miguu mitupu. Viatu visilowe, avirushe kwanza ng'ambo. Akavua cha kulia, akakizungusha kwa kamba zake, akakirusha. Kikavuka vizuri sana, kikatua juu ya majani makavu, kikakaa wima.

Akatia mguu majini. Maji yale yalikuwa barafu jana. Mguu ukafa ganzi mpaka gotini, mto ukamvuta, akaruka nyuma na kukalia makalio. Alikaa hapo muda mrefu, akitazamana na kiatu chake. Hapo nguvu zilimwishia kabisa, na nusura alie. Kiatu kilikuwa kimefika upande wa Grånosbu, upande wa Torunn na wenzake na kiti cha nane. Yeye alikuwa amebaki.

Akaufunga mguu kwa sweta, akarudi Kaldebu akichechemea.

Kwenye bomba la kibanda kulikuwa na moshi. Mlangoni walikuwa wanawake wawili. Bi Bergljot, miaka sabini na minane, alikuwa mkunga wa bonde zima kabla ya kustaafu. Bi Oddny, sabini na mmoja, alifundisha hisabati miaka arobaini na bado alikutazama kama vile hujamaliza kazi ya nyumbani. Walikuwa wakinywa kahawa.

"Karibu, kijana," akasema Bi Bergljot. "Ndiye wewe Mbele Tu?"

Jelmer akaona haya mpaka masikioni. Wameshalisoma daftari! Hapo palikuwa pazuri pa kusema ukweli. Lakini sweta lilikuwa limemlegea mguuni, bibi wawili wanamtazama, na mdomo wake ukaondoka bila yeye.

"Ndiyo, mama. Natoka Grånosbu sasa hivi. Nimeenda na kurudi."

"Ng'ambo ya mto?"

"Ng'ambo ya mto."

Bi Bergljot akamtazama Bi Oddny. Bi Oddny akasogeza kikombe chake taratibu.

"Kaa, mwanangu, upumzike," akasema, akimwonyesha lile rundo lenye turubai. Jelmer akakaa. "Umevukaje?"

"Kwa daraja."

"Alaa. Na unalionaje daraja letu?"

"Zuri, mama. Imara sana. Mimi nasomea mambo hayo, kwa hiyo nililikagua."

"Ulilikagua," akasema Bi Oddny. "Halikuyumba?"

"Kidogo tu katikati, kama inavyotakiwa."

"Lina mbao ngapi?"

"Sikuhesabu zote. Thelathini hivi."

"Arobaini na mbili," akasema Bi Oddny. "Na nyaya ulizionaje? Bergljot hapa ana wasiwasi na nyaya."

"Nyaya ziko salama," akasema Jelmer, na sasa alikuwa ameshakolea. "Upande wa kushoto ningezikaza kidogo."

"Umesikia, Bergljot? Kushoto."

"Nimesikia."

"Na kiatu?" akauliza Bi Oddny.

Jelmer akautazama mguu wake kana kwamba ndiyo kwanza anauona. "Kiatu nimekiacha kule kwa makusudi. Kilikuwa kinanibana."

Bi Bergljot akawa anakitazama kifuniko cha chupa ya kahawa kwa makini makubwa, mabega yakimtikisika.

"Inuka kidogo, mwanangu," akasema Bi Oddny.

Jelmer akainuka. Bi Oddny akalifunua turubai. Chini yake mbao zilikuwa zimepangwa safi, kila moja imepigwa nambari kwa rangi nyeupe, na ya juu kabisa ilikuwa arobaini na mbili. Kando yake nyaya mbili nene zilikuwa zimezungushwa na kufungwa.

"Tulilitoa Jumamosi," akasema. "Mimi, Bergljot, na wenzetu wanne wa chama cha mlima. Tukalibeba mgongoni, ubao kwa ubao, mpaka hapa. Leo tumekuja kuliingiza stoo kabla ya theluji. Umelikalia, mwanangu. Kweli ni imara."

Jamani, kuna kuumbuka na kuumbuka! Jelmer alitamani rundo lile limfunike na turubai lake. Akafungua mdomo kutafuta uongo mwingine, akakuta akiba imekwisha.

"Kiatu kimefika, mama," akasema mwishowe, sauti imeshuka. "Mimi sijafika."

Na kwa kuwa alikuwa ameshaanza, akamwaga yote: saa sita na nusu, kondoo, mkate, kikombe cha Alhamisi, kiti cha nane. Wale bibi walimsikiliza bila kumkatiza. Kisha Bi Bergljot akamkata mkate, akaupaka siagi na kuuwekea jibini ya kahawia nene, akamtazama mpaka akaumaliza.

"Tuliposoma 'mbele tu' na daraja tunalo sisi hapa, tulikuwa tumeshavaa viatu kwenda kukutafuta," akasema. "Tulikuwa tunamalizia kahawa tu. Kugeuza umefanya vizuri. Kuandika vile umefanya ujinga."

Akamletea daftari na kalamu. Jelmer akaikata "Mbele tu", akaandika "Nyumbani". Akaupiga picha ukurasa huo, na kifua safari hii hakikutuna.

Mchana ule wakambebesha mbao mbili mpaka stoo, na alipokuwa akipumzika wao walikuwa wamemaliza arobaini. Kesho yake waliteremka pamoja. Bibi wawili walitangulia wakipiga soga, na Jelmer akafuata nyuma ndani ya buti za mpira za waridi zilizosahauliwa na mgeni fulani kibandani, akihema. Chini, kwenye kituo cha basi, Bi Oddny akamwandikia namba yake ya simu.

"Mwezi wa sita tunalirudisha daraja," akasema. "Kama utakuwepo, njoo."

Jelmer akaipokea karatasi kwa mikono miwili. Alikuwa amealikwa! Njia nzima ndani ya basi alikuwa akiisoma karatasi ile kama hati ya shamba.

Ijumaa akaingia jikoni na buti zake za waridi. Wote watano walikuwa mezani, wakila nyama ya kondoo na kabichi. Akamwekea Torunn simu mbele.

"Sikufika," akasema. "Daraja halikuwepo. Na humo kwenye daftari nimepiga fiksi nyingi, usiziamini. Kufika Steinbu tu nilitumia saa sita na nusu."

"Bango nililiona kwenye picha yako kabla hujafika hata kibanda cha kwanza," akasema Torunn. "Nimekupigia mara nne. Ramani nilikupa mimi na daraja nikalisahau, niwie radhi. Kwa hiyo hakuna kilichovuka?"

"Kiatu."

Meza nzima ikacheka, naye akajikuta anacheka.

"Nafasi ya ski siwezi kukupa," akasema Torunn. "Kwa mwendo wako wa saa sita tungefika Pasaka ya mwaka unaofuata."

"Sawa. Lakini nimealikwa kwingine," akasema Jelmer, akijinyoosha. "Mwezi wa sita, kulirudisha daraja. Na Oddny na Bergljot."

Torunn akaweka uma chini. "Wamekualika wenyewe? Mimi nimewaomba nafasi kwenye chama chao miaka miwili, wananiambia timu imejaa." Akamtazama upya, toka kofia mpaka buti. Kisha akavuta kiti kwa mguu, akapakua sahani ya sita.

Jelmer alikula mpaka akashiba, na furaha ile, nadhani mnakisia, ikapanda moja kwa moja kichwani. Siku iliyofuata alimtumia Bi Oddny kwa simu barua ya kurasa nne, yenye michoro mitatu na jedwali, akieleza namna ya kulifanya daraja liwe jepesi zaidi, na kuuliza kama yeye, akiwa mtaalamu pekee kwenye timu, asimamie upande wa nyaya au upande wa mbao.

Jibu lilikuja siku hiyohiyo.

"Ahsante kwa michoro. Nyaya ni za Bergljot, mbao ni zangu mimi na wenzetu. Wewe utabeba chupa za kahawa. Ukizizoea, mwaka unaofuata tutakupa ubao mmoja."