Watoto Wangu wa Chini ya Ghala

Wenzangu, wekeni michi chini kidogo. Leo sina pa kuuficha uso. Mimi Nalyoto, mjane ninayesifiwa ukoo mzima kwa adabu, nimetambaa kwa magoti mbele ya wanaume arobaini! (Subirini. Bado hatujafika huko.)

Mnalijua ghala langu, lile lililoinuliwa kwa nguzo, ninamotunza mpunga wa mbegu wa ukoo wetu. Mnawajua na wale mapaka shume watano wanaolala chini yake. Si wangu. Hawana majina wala hawashikiki, na ukiwatazama sana wao wanakutazama zaidi. Lakini panya wanawaogopa, na bila wao msimu huu hatuna cha kupanda. Sasa tangu mwezi uandame macho yao yameziba kwa usaha. Juzi nimemkuta panya amekaa mlangoni pa ghala anasafisha masharubu, na paka yuko hatua mbili, hamwoni!

Jana nikaenda Ifakara, kwenye boma la Mdachi. Yuko askari mmoja pale anayegawa dawa. Nikamwamkia kwa heshima zote, nikamweleza shida yangu.

"Dawa ya macho ya wanyama ipo," akasema. "Ni ya punda wa Bwana Mkubwa."

"Nigawie kidogo basi, ya paka."

"Mbuzi mmoja."

"Paka watano kwa mbuzi mmoja?"

"Kila paka na mbuzi wake. Kwani hao paka ni wa nani?"

"Si wa mtu."

"Basi huyo asiye mtu ndiye aje alipe." Akacheka peke yake.

(Mbuzi watano! Ningekuwa na mbuzi watano ningewafundisha kukamata panya.)

Ndipo nikamkumbuka yule mgeni wa maji aliyepiga kambi ng'ambo ya kijito. Mmesikia habari zake. Dawa yake ni maji ya kunyunyiza, bei yake konzi moja ya mtama tu, na wanasema aliyenyunyiziwa, risasi ya Mdachi ikimfikia inageuka maji. Nikawaza, dawa inayoiweza risasi itashindwa na tongotongo?

Leo asubuhi nikafunga mtama wangu kwenye pindo la kaniki, nikavuka kijito. Ukungu ulikuwa mzito, mto Kilombero wenyewe huuoni, unausikia tu. Nikawakuta wanaume wamesimama mmoja nyuma ya mwenzake. Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyejikuna. Kaka yangu Likwambe alikuwemo, yule mpiga kelele mnayemjua, na hata salamu hakunipa. Hapo nikaanza kuogopa, lakini kurudi na mtama wangu niliona aibu.

Mgeni ni mtu mwembamba, sauti yake iko chini, na sikumwona akipepesa macho hata mara moja.

"Unataka maji ya nani?"

Kusema "paka" mbele ya watu wale nilishindwa. "Ya watoto wangu."

Likwambe akatazama miguu yake. (Ndiyo, mnajua sina mtoto. Naye anajua.)

"Wangapi?"

"Watano."

"Majina yao."

Jamani! Kichwa kilikuwa kitupu, nikaokota majina yaliyokuwa karibu, na yaliyokuwa karibu ni ya marehemu wetu. Ligonja, mjomba aliyechukuliwa na mamba. Matimbwa, babu chongo. Nambewe, shangazi aliyechechemea. Kasipo, jirani wa kikohozi. La tano likagoma kabisa kuja, nikataja langu mwenyewe.

"Maji haya hayabebwi," akasema. "Yanamfuata mwenye jina. Tangulia nyumbani."

Nilitangulia mbio! Sijatia kuni jikoni, nikasikia nyayo. Nyayo nyingi, bila sauti ya mtu. Nikaona aibu inakuja kwa miguu yake, nikajisukuma chini ya ghala. Siku zote nikiinama pale paka hutawanyika. Leo walisogea kunipisha. (Nikawashukuru. Adabu.)

Mgeni hakwenda mlangoni. Alisimama uani, wanaume wote arobaini nyuma yake.

"Ligonja."

Likatoka lile dume kubwa. Limelowa mpaka shingoni, na mvua hatujaiona tangu masika.

"Matimbwa." Akatoka mwenye jicho moja.

"Nambewe." Akatoka yule mweupe, anachechemea. Wenzangu, jana paka yule alikuwa mzima wa miguu!

"Kasipo." Akatoka wa nne akikohoa. Wakakaa mstari mmoja, wakanyunyiziwa usoni, na hakuna aliyeruka. Paka na maji!

Kisha jina la tano.

"Nalyoto."

Nilikuwa nimeuma midomo, nawaapia. Lakini mama alinilea kwa fimbo.

"Abee!"

Basi nikatoka. Kwa magoti, utando wa buibui kichwani, makapi ya mpunga mdomoni. Na hakuna aliyecheka! Wangecheka ningepona. Mgeni akaninyunyizia paji la uso kama wenzangu wanne, mimi wa tano. Paka wa tano halisi alibaki chini akinielekezea uso kama mtu aliyeporwa zamu yake.

Hapo ndipo Likwambe alipofumbua kinywa. Yule mweupe alikuwa anajisugua kwenye mguu wake.

"Dada," akasema, "shangazi anakusalimia."

Nilimtazama nione kama ananitania. Hakuwa anatania.

Wakageuka wote kushika njia ya boma. Paka wanne wakafuata nyuma, mikia juu, kwa mstari. Nikamwita kaka yangu, "Rudi ule kwanza!" Hakugeuka. Saa ile ukungu ulipaswa kuwa umeshayeyuka, lakini uliwameza wote, watu na paka.

Nimebaki na paka mmoja kipofu, na panya wanacheza ngoma kwenye mbegu zetu mchana kweupe. Paji langu la uso nimelifuta kwa kaniki mara tatu. Gusa, Mama Ngwila. Bado limelowa, si ndiyo?

Basi msicheke. Na mkisikia jina langu likiitwa kutoka upande wa boma, mmoja wenu anizibe mdomo upesi, maana kwa adabu hii niliyolelewa, nitaitika tu.